Shahidi Hapati Kitu

Jumatatu, Machi 6, 1978

Leo nimerudi kutoka Kisumu na hasira, wala hasira yenyewe si ya daktari. Daktari alisema nami vizuri: huo uvimbe wa tumboni lazima utolewe, nitapasuliwa mwezi wa Juni, na mtu anayekwenda kupasuliwa ni vizuri apange mambo yake ya nyumbani. Hayo niliyapokea. Hasira yangu ni ya Ojiambo.

Nimemkuta barazani kwangu, amekalia kiti cha wateja, miguu ameitanua, anangoja msichana wangu Amuron amletee chai. Huyu ni ndugu wa marehemu mume wangu Wesonga, mkubwa wa ukoo, mwenye boma lake kule Namboboto. Amefunga safari mpaka Busia mjini kufanya nini? Kuhesabu madirisha yangu! Nimemwona kwa macho yangu, kidole kinatembea hewani kutoka dirisha hadi dirisha.

"Shemeji," akasema, "nimesikia unaumwa. Pole sana. Hii mabati uliweka mwaka gani?"

Pole gani hiyo? Nimemwambia chai imeisha.

Machi 7

Bado nina hasira.

Machi 9

Mvua ya kwanza imenyesha tangu asubuhi. Wateja hakuna. Nimekaa kwenye cherehani nikafikiri badala ya kushona.

Wesonga alipokufa, Ojiambo alitaka kunirithi mimi pamoja na ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe chukua, shamba chukua, lakini mimi si wa kuchukuliwa. Nilitoka Namboboto na cherehani kichwani, sina mtoto, sina hata kitanda. Nikawa nanunua omena, wale dagaa wa ziwa, kwa gunia kule Sio Port na kuuza Malaba, na jioni nashona. Ploti hii niliinunua kwa jina langu, na kila tofali la nyumba hii najua lilitoka wapi. Miaka hiyo yote Ojiambo hakuniletea hata msumari. Leo habari ya uvimbe imemfikia, ndiyo anakumbuka kwamba mimi ni mke wa ndugu yake!

Halafu kuna Amuron. Alivuka mpaka pale Malaba na mama yake, wamekimbia kutoka upande wa Tororo, Uganda, wakati ule watu walikuwa wakivuka bila hata sufuria. Nilikuwa nauza omena kando ya barabara. Mama alikuwa anatetemeka kwa homa, nikawaleta hapa kwa usiku mmoja tu. Mama hakuamka tena. Msichana akabaki, na leo ni mwanamke mzima, anashona sare za shule kunishinda mimi niliyemfundisha. Ananiita mama. Lakini sikumzaa, na hakuna karatasi yoyote duniani inayosema ni wangu.

Sasa nikifia kwenye kitanda cha Kisumu, najua kitakachofuata kama ninavyojua njia ya kisimani. Watanizika, watalia sana, kisha siku ya kunyoana nywele ukoo utaketi kugawa vitu. Ojiambo atasimama wa kwanza, kwa kuwa ni mkubwa. Amuron ataambiwa abebe nguo zake.

Haitatokea. Nitaandika wosia.

Jumapili, Machi 19

Nimeandika! Baada ya misa nimemwita katekista Methuselah nyumbani, nikavaa miwani, nikawasomea yeye na Amuron. Nyumba na ploti na cherehani zote mbili, Amuron. Baiskeli ya Wesonga, ambayo ni nzima kabisa ila breki, Methuselah, kwa sababu amekuwa akizunguka kwa miguu kuwaombea wagonjwa.

Kwetu anayepewa kitu huweka mkono mbele ya watu, kesho asije kusema hakupewa. Basi nikatia sahihi yangu, Amuron akatia yake chini yangu, na Methuselah akatia ya kwake, na msalaba mdogo kando. Nikajisifu sana. Nikachinja kuku.

Machi 22

Mvua. Paa la chumba cha nyuma linavuja.

Alhamisi, Machi 30

Kila Alhamisi wakili Osukuku hutoka Kakamega kuja kortini hapa Busia, na mchana hukaa kwenye chumba alichopanga nyuma ya duka la vitambaa. Nilimpelekea wosia wangu apige tu muhuri. Alisoma mpaka chini, akaanza upya, kisha akavua miwani akajipangusa macho. Mtu mzima, alikuwa anacheka!

"Mama, umewapa hawa watu vitu, kisha umewanyang'anya kwenye karatasi hiyo hiyo."

"Nimewanyang'anya namna gani?"

"Umewafanya mashahidi. Shahidi wa wosia hapati kitu. Ukifa leo, huyu msichana anapoteza nyumba kwa sababu ya sahihi yake mwenyewe."

Hata uvimbe nikausahau. Nikamwuliza sheria gani hiyo ya kumwita mtu asiyehusika na kumfukuza anayehusika. Akanieleza polepole, na sasa nimeelewa ingawa bado inaniudhi. Anayepata anaweza kudanganya ili apate. Kwa hiyo nitafute watu wazima wawili wasiopata chochote, wala wao wala mabibi zao. Wakae chumba kimoja nami kwa wakati mmoja, wanione natia sahihi, kisha watie zao mbele yangu, wakisema wameniona na nilikuwa na akili timamu. Yaliyomo si lazima wayajue.

Nikamwambia hiyo kazi ya wiki moja. Eti wiki moja!

Aprili 2

Nilimwendea Methuselah kwanza, kwa kuwa ndiye mtu wa Mungu. Nikamweleza kwamba hawezi kuwa shahidi na kupewa baiskeli, achague.

Alitazama chini. Akakohoa. Akasema Bwana hufungua njia kwa namna nyingi.

"Kwa hiyo utatia sahihi?"

"Mama Leonida," akasema, "afadhali baiskeli."

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua, na omena ya gunia zima imeota ukungu.

Aprili 13

Nimekwenda kwa mwalimu Omagor, mtu aliyesoma, mwenye redio. Yeye alikubali. Mkewe ndiye alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mume wangu asaini kifo cha mtu? Mama, ukifa wiki ijayo watasema ni yule aliyeweka mkono kwenye karatasi. Watasema tulijua! Sisi tuna watoto."

"Mimi sifi wiki ijayo. Nina sare za darasa zima hazijakatwa."

"Hata kama. Andika ukipona."

Andika ukipona! Nikishapona naandikia nini? Nilitoka pale nikiongea peke yangu barabarani, na watu wakanipisha.

Aprili 20

Mwenye posho mill ya kusagia mahindi amekataa. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele amekataa, na kodi nimemsamehe mara ngapi sijui. Mzee mmoja wa kanisa alisema yuko tayari kabisa, kisha akauliza yeye ataachiwa nini. Nilipomwambia hataachiwa kitu alishangaa, akaniuliza sasa anaitwa kufanya nini. Huu mji! Mwenye kutaka kusaini anataka kitu, na asiyetaka kitu anaogopa kusaini.

Aprili 21

Ramathan ameegesha lori lake tena mbele ya baraza yangu, moshi wote kwenye sare nyeupe. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anabeba mizigo Busia na Malaba na kwingine anakojua mwenyewe. Mwaka jana aliniuliza kama nitamwuzia kipande cha nyuma cha ploti. Tangu hapo simwamini. Naye anangoja nife, ila anangoja kwa adabu.

Aprili 27

Leo sokoni wameniongelesha polepole. Mwanamke wa nyanya, ambaye siku zote tunatukanana kwa furaha, ameniambia, "Mama, hii ni nyanya. Nya-nya." Nikamwuliza kama amelewa. Ndipo akasema, na haya kidogo, kwamba Ojiambo alipita hapo jana. Anawaambia watu shemeji yake amerukwa na akili, ugonjwa umepanda kichwani, anaandika makaratasi na kumpa mali mtoto wa barabarani.

Mtoto wa barabarani! Nimerudi nyumbani bila nyanya. Niliolewa kwao na akili, nikalima shamba lao na akili, nikamzika ndugu yao na akili. Akili zimeruka siku nimekataa kumpa nyumba.

Alhamisi, Mei 4

Wakili hakucheka safari hii. Anasema maneno hayo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Nikifa, Ojiambo anaweza kusimama kortini na soko zima nyuma yake, aseme sikuwa na akili timamu siku ya kuandika, na wosia ukaanguka. Akasema nilete mashahidi wenye sifa, na nilete upesi.

Nimemwambia mashahidi wenye sifa wako jikoni wanajificha nyuma ya wake zao.

Mei 7

Jana jioni Amuron aliacha kushona katikati ya mkono wa shati.

"Mama, achana na hiyo karatasi. Mimi nitaenda Malaba, kuna watu wetu huko. Sitaki wakuchukie kwa ajili yangu."

Sijui kama nimewahi kumkasirikia hivyo. Nilimwuliza ni watu wetu gani, wanaitwa nani, walikuwa wapi mama yake alipokuwa akitetemeka kando ya barabara. Nikamwuliza kama nilimfundisha kukata kola ili aende kuuza ndizi kwenye mpaka. Nikamwambia yeye pia anataka nife haraka, kama wengine.

Hilo la mwisho lilinitoka tu. Amuron alichukua shati akamaliza mkono, na nikaona mshono umekwenda upande, yeye ambaye mshono wake hauendi upande kamwe.

Naogopa. Nitaandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu mwingine. Siogopi kisu cha daktari. Naogopa asubuhi ile ya kunyoana, yeye amesimama uani na nguo zake kwenye shuka, na mimi niko chini ya udongo siwezi hata kumtukana mtu.

Mei 8

Nimemwomba msamaha. Amesema hakuna neno. Tumekula omena ya mwisho isiyoota ukungu.

Mei 16

Mvua imebomoa barabara. Lori la Ramathan limezama mbele ya baraza yangu mpaka kwenye ekseli. Nilitoka na mwavuli kumwambia kwamba Mungu amejibu maombi yangu kuhusu lori hilo. Alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, anapanga mawe chini ya gurudumu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama Leonida," akasema, "nasikia unatafuta shahidi wa wasia. Mbona hukunigongea?"

"Wewe unataka ploti yangu."

"Nilitaka kununua ploti. Nilikuuliza, ukakataa, nikanyamaza. Kuna siku niliuliza tena?"

Hakuna. Nilifikiri sana na sikupata siku hiyo.

"Huogopi? Watasema umeniua."

"Kwetu Waislamu mtu mzima akilala bila wasia wake kuandikwa, huyo ndiye anaogopewa. Mimi wangu upo, mke wangu Zainabu anajua ulipo. Niambie tu siku, nisiwe safarini."

Nilimshikia mwavuli mpaka akamaliza mawe. Mwaka mzima nimemchukia bure mtu huyu. Ila lori lake bado linatoa moshi.

Mei 24

Nimembana mwalimu Omagor njiani, mbali na mwiko wa mkewe. Ameapa atakuja Alhamisi ijayo. Nimemwambia akinitoroka nitasimama nje ya darasa lake na kuwaeleza wanafunzi.

Alhamisi, Juni 1

Wacha niandike yote kabla sijasahau hata neno moja.

Tulifika kwa wakili saa ya chakula cha mchana, mimi na Ramathan. Ramathan alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, na lori ameliacha nyumbani. Wosia ulikuwa mezani umepigwa taipu. Amuron nilimwacha nyumbani makusudi, asiwe hata karibu na kalamu. Tukamngoja Omagor.

Tukangoja. Mwishowe akaja mtoto wake na ujumbe kwamba mwalimu ameharisha.

Ameharisha! Mwalimu mzima! Nilisimama nikasema maneno ambayo sitayaandika. Wakili akasema anarudi Kakamega jioni, na Alhamisi inayofuata mimi nitakuwa Kisumu. Ramathan akatoka mlangoni kutazama kama kuna mtu yeyote barabarani anayeweza kuitwa. Alirudi na uso umebadilika.

"Mama, shemeji yako huyu hapa."

Ojiambo aliingia bila kubisha hodi, koti lake la mazishi limelowa mvua, fimbo mkononi. Methuselah alikuwa amemdokezea kwamba leo kuna karatasi. Alisimama katikati ya chumba akipumua kwa nguvu.

"Wakili! Karatasi ya nyumba ya Wesonga haitiwi mkono bila mimi. Mimi ni mkubwa. Mkono wangu ndio unatangulia. Hata tukigawa ndama, mkono wangu unatangulia!"

Nilifungua mdomo kumfukuza. Halafu nikaufunga. Naapa, katika maisha yangu yote ni mara chache sana nimefunga mdomo nikiwa na la kusema.

Wakili alinitazama. "Mama, huyu anapata chochote kwenye wosia wako?"

"Hapati hata kijiko," nikasema, na nilisema kwa sauti, Ramathan ni shahidi.

Ojiambo akacheka. "Kijiko!"

"Mzee, ukitia sahihi hapa wewe ni shahidi tu," wakili akamwambia. "Shahidi hapati kitu. Umenielewa?"

"Wewe ndiye hunielewi. Mimi si wa kupewa. Mimi ni mwenyewe."

"Nikusomee yaliyoandikwa?"

"Nisomewe maneno ya kifo ya mtu aliye hai? Mikosi hiyo sitaki. Na nyumba ya ndugu yangu nitasomewa na mgeni? Leta kalamu."

Wakili alikuna kidevu. Kisha akasema, taratibu, kila neno likiwa peke yake, "Basi tazama. Utamwona mama akitia sahihi. Utasema umemwona, na kwamba ana akili timamu, anajua anachofanya. Unaweza kusema hivyo kwa kweli? Nasikia kuna maneno sokoni."

Hapo nikashika meza. Ramathan alikuwa anatazama viatu vyake.

"Huyu?" Ojiambo alininyooshea fimbo. "Huyu mwanamke ana akili kuliko ukoo wote! Nyumba yote hii alijenga na omena! Angekuwa hana akili si ningekuwa nimemrithi zamani? Akili yake ndiyo inanisumbua!"

"Basi ndivyo ilivyoandikwa hapa," akasema wakili.

Nikatia sahihi yangu, wao wawili wakinitazama. Ojiambo akanipokonya kalamu ili Ramathan asimtangulie. Aliandika jina lake kubwa, likachukua nafasi ya watu wawili, kisha akaomba wino wa kidole, akaongeza na dole gumba ili lisifutike. Wakili alisema dole si lazima. Ojiambo akasema ni lazima. Ramathan akaandika lake kwa udogo pembeni, mahali palipobaki.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imeacha. Ojiambo alinipa mkono kama mtu aliyeninunulia kitu. Nikamwambia asante, shemeji. Nilimaanisha, na hiyo ndiyo ajabu ya siku ya leo.

Juni 5

Kesho Kisumu. Wosia uko kwa wakili, nakala iko kwa Zainabu wa Ramathan. Amuron amenishonea gauni jipya la kulalia, mshono umenyooka. Sikulia mbele yake.

Juni 17, Kisumu

Niko hai. Wameutoa. Nesi anasema ulikuwa mkubwa kama papai, sikutaka kuuona.

Leo saa ya wageni nimefungua macho nikamwona Amuron na bakuli la uji, na nyuma yake fimbo ya Ojiambo, na nyuma ya fimbo Ojiambo mwenyewe. Uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira. Methuselah, ambaye nilidhani baiskeli ingemfunga mdomo, amemwambia yote.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nani alikataa kusomewa?"

"Nitaenda kortini! Nitasema ulikuwa umerukwa na akili!"

"Nenda, shemeji. Hakimu atakuuliza ni nani aliyesema nina akili kuliko ukoo wote. Na kama umesahau, kuna dole gumba."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Amuron, ambaye ana moyo kuliko mimi, alimmiminia uji kwenye kikombe changu akampa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyompa mzee. Ojiambo aliupokea. Akaunywa wote. Nikaona mkono wake umezeeka, na kwenye ukucha wa dole gumba bado kulikuwa na alama ya wino wa bluu.

"Na mimi, shemeji?" akauliza, sauti ndogo. "Hata kitu kidogo?"

Karibu nimwonee huruma. Karibu. Halafu nikakumbuka kile kidole kikihesabu madirisha yangu.

"Wewe ni shahidi," nikamwambia. "Rudisha kikombe."